Rangi ya Gari Katika Nchi ya Vumbi: Hatua Moja au Mbili?

Barabara itokayo Kigoma kupitia Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi hukata nyanda za juu zenye udongo mwekundu. Kwa miongo mingi barabara hiyo ilikuwa ya udongo na changarawe, na ingawa lami imewekwa katika miaka ya karibuni, njia nyingi ziendazo vijijini zimebaki za vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi hilo hutanda juu ya magari yote: malori ya mahindi na maharage, magari ya abiria, na magari ya mashirika yahudumiayo wakimbizi. Baada ya miaka michache rangi hupauka, na mwenye gari hutafuta dawa ya kuirudishia mng'aro.

Hapo hukabiliwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya hatua moja: dawa moja husugua rangi na papo hapo kuipaka nta. Ya pili ni ya hatua mbili: rangi husuguliwa kwanza kwa dawa ya kung'arishia, kisha hupakwa kinga kwa dawa nyingine. Suala hili laweza kuonekana kuwa la urembo tu. Hata hivyo, msingi wake ni fizikia na kemia, na uamuzi mbaya humpotezea mwenye gari kitu ambacho hakirudi ila kwa kupaka rangi upya.

Matabaka ya rangi

Juu ya chuma cha gari la kisasa kuna tabaka la kuzuia kutu, ambalo mafundi huliita praima. Juu ya praima ipo rangi yenyewe, na juu ya rangi lipo tabaka la vanishi angavu. Utaratibu huu wa vanishi ulienea viwandani katika miaka ya 1980. Magari mengi ya kabla ya hapo yalipakwa rangi isiyofunikwa. Kwa kawaida unene wa matabaka yote pamoja ni mikromita 100 hadi 150, na vanishi peke yake ni mikromita 35 hadi 50 hivi. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo vanishi yote, kwa kawaida, haizidi unene wa unywele mmoja wa binadamu.

Tabaka hilo jembamba lina kazi mbili. Hutoa mng'aro, na hubeba kemikali zifyonzazo miali ya urujuanimno ya jua. Kasulu na Kibondo zipo kati ya latitudo 3 na 5 kusini mwa ikweta, na miinuko yake mingi huzidi mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Nguvu ya urujuanimno huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Vanishi ikiisha, jua huishambulia rangi, rangi hupasuka, maji hupenya hadi kwenye chuma, na kutu huanza.

Asili ya mikwaruzo

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alitunga kipimo cha ugumu chenye daraja 1 hadi 10. Mchanga wa kwatsi, ambao ni sehemu kubwa ya vumbi la barabarani, una daraja la 7. Oksidi ya chuma iupayo udongo wekundu wake, yaani hematiti, hukaribia daraja la 6. Vanishi, ambayo ni aina ya plastiki ngumu, ni laini kuliko zote mbili.

Mtu afutapo gari kwa kitambaa kikavu, kila chembe ya mchanga huchora mstari wake. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mikwaruzo midogo hutokana na mkono wa mfutaji, si na safari. Uso laini huakisi mwanga kuelekea upande mmoja, nao huonekana kama kioo. Uso wenye mikwaruzo hutawanya mwanga pande zote, nao huonekana kama umefunikwa na ukungu.

Kusugua na kuficha

Dawa ya kung'arishia ina chembe ngumu na ndogo mno, mara nyingi za oksidi ya aluminiamu, yenye ugumu wa daraja la 9. Chembe hizo hazijazi mkwaruzo. Huushusha uso wa vanishi mpaka ulingane na kina cha mkwaruzo. Yafaa jambo hili lieleweke vema: kila kusugua ni kupunguza. Kusugua kwa nguvu huweza kuondoa mikromita moja hadi kadhaa, na kusugua kwa wepesi huondoa chini ya moja.

Dawa ya hatua moja huchanganya chembe hizo na mafuta pamoja na nta. Mng'aro wake hutokana na sababu mbili tofauti. Mikwaruzo mingine huondolewa kweli; mingine hujazwa tu mafuta na nta. Kila aoshaye gari amekwisha kuona mfano wa hali hii ya pili: gari likilowa maji, mikwaruzo midogo hutoweka, na likikauka hurudi. Maji hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha vanishi kuliko hewa ifanyavyo, na nta huikaribia vanishi zaidi ya maji. Hivyo mwanga hupita katika mkwaruzo uliojazwa bila kutawanyika sana. Baada ya kuoshwa mara kadhaa, hasa kwa sabuni ya unga ya kufulia, kijazo hutoka na ukungu hurejea. Aidha, nta iliyochanganywa na mafuta ya kusugulia haishiki imara kama ile iliyopakwa juu ya vanishi safi.

Katika njia ya hatua mbili, fundi husugua, hufuta mafuta yote, hukagua kazi yake, ndipo apake kinga. Kinga hushika vizuri zaidi na kudumu zaidi. Lakini kazi ni maradufu, vitambaa ni vingi zaidi, na fundi asiye na subira huweza kuondoa vanishi nyingi kwa siku moja.

Je, nta ya Kibondo yafaa?

Waha wa Kasulu na Kibondo wamefuga nyuki katika misitu ya miombo tangu zamani, kwa mizinga ya magome na ya magogo. Ni swali la haki, basi, kuuliza kama nta yao yatosha kulinda magari. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, na hulainika mapema zaidi. Boneti yenye rangi nyeusi iliyoachwa juani hupata joto kupita hewa iliyoizunguka kwa nyuzi nyingi, na nta iliyolainika hunasa vumbi. Nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mnazi-pori wa Brazili, huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, nayo ni ngumu zaidi. Kwa hiyo watengenezaji wengi huchanganya: karnauba kwa ugumu, nta ya nyuki kwa urahisi wa kupaka. Nta ya Kibondo yafaa kama sehemu ya mchanganyiko. Peke yake, katika nchi ya vumbi, haifai.

Hesabu ya vanishi

Tuchukue mfano wa gari lenye vanishi ya mikromita 40. Katika mazingira ya vumbi na mvua kubwa kinga ya nta huisha upesi. Tuseme yahitaji kurudiwa mara 6 kwa mwaka. Mwenye gari akitumia dawa ya hatua moja kila mara, na kila mara ikaondoa nusu mikromita tu, katika miaka 5 atakuwa amepoteza mikromita 15. Jirani yake akisugua mara moja kwa mikromita 3, kisha akarudia nta tupu mara 6 kwa mwaka, katika miaka hiyo hiyo atakuwa amepoteza mikromita 3 tu kwa kusugua.

Faida kubwa ya kutenganisha hatua mbili ndiyo hiyo: hatua ya pili huweza kurudiwa mara nyingi bila kupunguza vanishi, lakini ya kwanza haiwezi. Gari likaalo mjini Kasulu na kutunzwa vizuri lastahili hatua mbili, ya kwanza ikifanywa kwa nadra. Gari la mizigo liendalo vijijini kila siku litapata mikwaruzo mipya ndani ya juma. Hilo latosheka na hatua moja nyepesi kwa mwaka, baada ya kiangazi, na nta tupu katikati ya mwaka. Magari yaliyotumika, kama yale yaagizwayo kutoka Japani, huenda yalikwisha kusuguliwa mara kadhaa kabla ya kuuzwa. Ni busara kuyachukulia kuwa akiba yake ya vanishi ni ndogo.

Kwa vyovyote vile, kuosha kwatangulia. Maji mengi yamwagwe kwanza ili yachukue mchanga. Ndoo ya sabuni isiwe ndoo ya kusuuzia kitambaa. Kazi ifanyike kivulini. Pia ifanyike mbali na vijito, kwani mito ya wilaya hizi huingia katika Malagarasi, na Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika.

Majaribio kwa shule

Walimu wa fizikia na kemia wanaweza kuyathibitisha mengi ya haya kwa vifaa vichache.

1. Mahali pasipoonekana kwenye gari, sugua dawa kidogo kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, rangi hiyo haina vanishi juu yake.

2. Chukua mabati mawili yaliyopakwa rangi, moja lipakwe nta. Dondosha tone la maji juu ya kila moja na upime kipenyo cha tone. Rudia baada ya kuyaosha kwa sabuni ya unga mara 5, kisha mara 10, na uchore grafu.

3. Yeyusha nta ya nyuki ndani ya kopo lililowekwa katika maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto. Andika joto inapoanza kulainika na inapoyeyuka. Kisha, saa sita mchana wa kiangazi, pima joto la boneti nyeusi na la boneti nyeupe zilizo juani, na uyalinganishe na la nta.