Ndoa ya Serikali katika Uswisi: Jimbo Lilianza, Nchi Ikamaliza

Watu wawili wamekaa nyumba moja miaka thelathini. Mmoja akifariki, sheria itamwita nani yule aliyebaki? Mjane, au mpangaji tu? Swali hilo liliwashughulisha Waswisi miaka mingi, kwa habari ya wanaume wawili au wanawake wawili wanaoishi pamoja. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi walivyolijibu.

Uswisi ni nchi ya shirikisho tangu mwaka 1848. Ina majimbo 26, na kila jimbo lina baraza lake, mahakama zake na kodi zake. Lakini ndoa na urithi havimo mikononi mwa majimbo. Vimo katika sheria za raia zilizoanza kutumika nchi nzima mwaka 1912.

Jimbo la Geneva lilitangulia mwaka 2001 kuwaandikisha watu hao. Mwaka 2002 wananchi wa Zürich walikubali jambo hilo kwa kura. Hata hivyo msaada huo ulikuwa na mpaka. Jimbo liliweza kulegeza kodi yake yenyewe. Halikuweza kumfanya aliyebaki kuwa mrithi kwa sheria, wala kumpa malipo ya mjane. Tena mtu akihamia jimbo jingine, haki zile alikuwa ameziacha nyuma.

Ndipo bunge la nchi nzima lilipotunga sheria mwaka 2004. Huko raia 50,000 wakitia sahihi katika muda wa siku 100, sheria mpya hupelekwa mbele ya wapiga kura. Wapinzani walizipata sahihi hizo. Juni 2005 kura ikapigwa, na watu 58 kwa mia wakakubali. Sheria ikaanza Januari 2007, ikaleta haki ya urithi. Lakini hawakuitwa wenye ndoa, wala hawakuruhusiwa kupokea pamoja mtoto yatima awe wao.

Desemba 2020 bunge likawafungulia ndoa yenyewe. Wapinzani wakakusanya sahihi tena. Tarehe 26 Septemba 2021 watu 64 kwa mia walikubali, na katika kila jimbo waliokubali walikuwa wengi zaidi. Sheria ilianza tarehe 1 Julai 2022.

Je, mapadri wanalazimishwa? Hapana. Katika Uswisi ndoa hufungwa kwanza mbele ya serikali; wanaotaka huenda kanisani baadaye, na ibada haibadili neno la serikali. Kanisa Katoliki laendelea kufundisha kwamba Sakramenti ya Ndoa ni ya mume na mke. Yafaa kutochanganya mambo hayo mawili, tunapokubali na tunapokataa.

Aliyepinga alikuwa na kalamu ya kutia sahihi; aliyetaka alikuwa na karatasi ya kura. Na yule aliyebaki peke yake nyumbani, awe Zürich au katika jimbo dogo la milimani, sheria yamwita kwa jina moja.