Je, Wajua? Mali Inayopanda Bei Kabla Haijauzwa

Je, wajua kwamba kiwanja cha Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, Dar es Salaam, kikipanda bei kutoka shilingi milioni 400 hadi milioni 600, takwimu za taifa hazimwandikii mwenyewe hata senti moja ya kipato? Hesabu za taifa hufuata mfumo wa kimataifa ambao hauhesabu kupanda kwa bei ya mali kuwa kipato. Na kwa kuwa akiba ni kipato ukitoa matumizi, zile milioni 200 si akiba pia. Mfumo umezitengea hesabu ya pembeni, ya mabadiliko ya thamani.

Ila huyohuyo akiishi kwenye nyumba yake, kodi ambayo angelipa kama mpangaji hukadiriwa na kuingizwa kwenye pato la taifa.

Je, wajua kuna wachumi waliokataa mpaka huo kati ya kipato na kupanda kwa bei ya mali? Robert Haig mwaka 1921, kisha Henry Simons mwaka 1938, wote wa Marekani, walisema kipato cha mtu ni alichotumia pamoja na kilichoongezeka kwenye mali yake, awe ameuza au hajauza. Mahakama ya Juu ya nchi yao ilikuwa na msimamo tofauti: mwaka 1920, katika kesi ya Eisner na Macomber, iliamua kuwa hisa za nyongeza anazogawiwa mwanahisa si kipato, maana hajapokea chochote kilichojitenga na mtaji wake.

Je, wajua kwamba wafanyabiashara Waislamu wa Kariakoo wamekuwa wakilijibu swali hili kila mwaka, bila kumsoma Simons? Mwaka wa zaka ukitimia, mwenye duka la vitenge huhesabu mzigo uliopo kwa bei ya soko ya siku hiyo, hata kama aliununua kwa bei ya chini. Ukifika kiwango, hutoa asilimia 2.5. Faida ambayo haijaingia mkononi imo ndani ya hesabu. Nyumba anayoishi haimo; kiwanja alichonunua ili akiuze kimo. Wanazuoni wa madhehebu ya Maliki wakaongeza jambo ambalo naliona la busara sana: anayezungusha mali kila siku ahesabu kila mwaka, lakini aliyeshika mali akingoja bei ipande atoe zaka atakapouza, na ya mwaka mmoja tu. Walitambua mapema kwamba thamani na fedha taslimu ni vitu viwili.

Je, wajua Mamlaka ya Mapato (TRA) nayo husubiri uuze? Mkazi akiuza ardhi au jengo, kwa kawaida hulipishwa asilimia 10 ya faida kabla hati haijahamishwa jina. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ilisamehe nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi, mradi faida isizidi shilingi milioni 15. Kwa Kariakoo kikomo hicho ni kidogo mno. Bibi aliyekaa Mtaa wa Sikukuu miaka 40 hukivuka kwa sababu shilingi yenyewe imeshuka thamani.

Kodi ya majengo inayokatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa upande wake, haitazami bei kabisa. Tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mijini 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa.

Je, wajua kilemba ni mtaji? Mpangaji anayeachia fremu nzuri Mtaa wa Kongo huweza kulipwa kilemba na anayeingia. Haki hiyo hupanda bei mwaka hadi mwaka, na mara nyingi haionekani kwenye daftari lolote.

Je, wajua thamani ya makaratasi inaweza kufutika siku moja? Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa katikati ya Dar es Salaam. Yaliyozidi umri wa miaka 10 hayakulipiwa fidia. Ndiyo maana siungi mkono kumwambia mtu "umepata" kabla hajauza, ingawa nataka ongezeko hilo lipimwe na lijulikane.

Je, wajua ilikuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 iliyotambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani? Kabla yake, kisheria, fidia ya ardhi iliyotwaliwa ilikuwa ya majengo, mazao na maendelezo mengine.

Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza biashara Aprili 1998, zina bei inayotangazwa kila siku ya kazi. Viwanja vya Kariakoo havina bei ya namna hiyo; vina dalali tu. Familia nyingi za hapa hazikuuza: ziliingia ubia, zikatoa kiwanja, mwekezaji akajenga ghorofa, wakagawana fremu na vyumba. Kiwanja ndicho mchango wao wote, kwa hiyo kuthaminiwa na mthamini aliyesajiliwa kabla ya kusaini ndiko kunakoamua kama watapata sakafu moja au tatu.