Mwache, huyu naye anacheza



Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu nilimpeleka shule ya Jumapili. Wenzake walishikana mikono, wakawa wanazunguka, wanaimba na kupiga makofi. Yeye akasimama kando ya ukuta, kidole mdomoni, akiwatazama. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu nikaona aibu mbele ya wazazi wengine. Nikamshika mkono nikamsukuma: “Nenda kacheze na wenzako! Una nini wewe?” Akaangua kilio. Mwalimu wao, mama mtu mzima, akamchukua taratibu, kisha akaniambia, “Baba, mwache. Huyu naye anacheza.”

Sikumwelewa hadi jioni moja nilipomkuta mtoto sebuleni. Alikuwa amepanga vifuniko vya soda kwa duara, anaviimbia wimbo ule ule wa kanisani, makofi mahali pake, bila kukosea neno.

Baadaye nilijifunza kwamba mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha uchunguzi wake kuhusu watoto wa shule ya awali, akataja namna sita za mtoto kushiriki michezoni. Kwanza hujishughulisha na hili na lile, bila mchezo maalumu. Pili hucheza peke yake. Tatu huwatazama wenzake. Nne hucheza kando ya mwenzake, kila mmoja na gari lake la kopo. Tano huchanganyika nao, wakiazimana vitu na kuzungumza, ila hawana mpango mmoja. Sita hushirikiana: huyu baba, yule mama, wa tatu mgonjwa.

Kumbe kutazama nako kumo. Na hata mtoto aliyekwisha kuzoea kushirikiana, siku nyingine hurudi kucheza peke yake, wala si ugonjwa.

Katika rede na kombolela mtoto hujifunza kungoja zamu, kushindwa bila kupigana, na kupatana na aliyemkosea. Uvumilivu, upole na kiasi, ambavyo Paulo anavitaja katika Wagalatia 5 kuwa ni tunda la Roho, mtoto anaanza kuvizoea pale uani, miguu ikiwa na vumbi. Nasi tunamwita ndani kila mara: acha kuchafuka, shika daftari, au chukua simu unyamaze.

Someni Zekaria sura ya 8. Watu wamerudi kutoka uhamishoni Babeli, na Yerusalemu bado haijasimama vizuri. Mungu anapowaahidi amani, anawaonyesha wazee waliodumu hadi kushika mikongojo, na watoto wa kiume na wa kike wakicheza katika njia za mji. Mungu aliuhesabu mchezo wa watoto kuwa dalili kwamba mji umepona.

Jioni ile nilikaa sakafuni, nikamwambia mwanangu, “Nisamehe baba, siku ile nilikusukuma.” Hakunijibu. Alisogeza vifuniko viwili akafungua nafasi kwenye duara, akasema, “Wewe kaa hapa.”

Leo baada ya ibada, kabla ya kumwuliza mwanao amekariri nini, mwulize amecheza nini. Kisha, kama atakukaribisha, kaa pale atakapokuonyesha.