Mboga za Mvua, Chakula cha Kiangazi

Mvua ikinyesha kunde hujaa shambani hata majani mengine tunawatupia mbuzi. Kiangazi kikifika, tunanunua mboga kwa pesa ya karo. Basi tuyakaushe! Chuma majani machanga, uyaoshe, uyatie katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha uyachuje. Yatandaze juu ya kitambaa safi kivulini, mahali penye upepo, maana jua kali hupunguza vitamini A. Yageuze mara kwa mara. Yakikauka hata yavunjike mkononi, yaweke kwenye mkebe mkavu, ufunike vizuri. Yakiota ukungu, usiyapike. Siku ya kupika, yaloweke kwanza. Yesu alipowalisha watu 5,000, aliagiza mabaki yakusanywe. Na sisi je?