Tusiilaumu Mvua ya Tukuyu Peke Yake

Juma hili nataka tuzungumzie madishi. Nenda Tukuyu uyaone juu ya mabati, kuanzia mjini hadi Kiwira. Mvua ikinyesha, na kwenye miteremko ya Rungwe hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, picha hukatika. Mwenye nyumba huambiwa anunue dishi kubwa zaidi. Mimi nasema, ngoja kwanza.

Wimbi la televisheni hutikisika kwa mwelekeo wake. Pitisha kamba kati ya fito za uzio. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapenya. Ukiitikisa kushoto na kulia, linafia kwenye fito. Warusha matangazo hutumia jambo hilo kupeleka vipindi tofauti kwa masafa yale yale, hivi wima, hivi mlalo. Kichwa cha dishi ndicho uzio unaochagua.

Sasa chukua setilaiti iliyo juu ya Ikweta, nyuzi 36 mashariki. Dar es Salaam iko mashariki yake, Tukuyu iko magharibi. Kwa hiyo kichwa hugeuzwa upande mmoja Dar, na upande wa pili Tukuyu. Fundi akikifunga kama alivyozoea Pwani, sehemu kubwa ya nguvu hupotea, na mawimbi ya mwelekeo mwingine huingia kuvuruga. Mvua huja kumalizia tu.

Je, wimbi lenyewe laweza kugeuzwa njiani? Ndiyo. Mwaka 1898, Jagadish Chandra Bose wa Calcutta, India, alisokota nyuzi za juti, zile za magunia, akapitisha mawimbi humo. Yalitoka yamegeuka mwelekeo, na upande wa kugeuka ulifuata upande wa kusokota. Siri ilikuwa umbo, si juti. Wanasayansi wa leo wanafanya vivyo hivyo kwa metamateria: bamba jembamba lenye vipande vya shaba vilivyopangwa kwa hesabu, kila kimoja kidogo kuliko urefu wa wimbi. Bamba hilo hugeuza wima kuwa mlalo, na mengine hufanya hivyo kwa amri ya umeme, bila mkono wa fundi.

Lakini huna haja ya kungojea hayo. Kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi alegeze kichwa cha dishi, akizungushe polepole, nawe uangalie kipimo cha ubora wa mawimbi kwenye skrini. Kikipanda, akaze hapo hapo. Mvua kubwa bado itakata picha. Manyunyu hayana haki hiyo.