Watoto walioachwa na askari wa kigeni ni wetu

Wiki hii tunaongea jambo ambalo katika kartie zetu husemwa kwa sauti ya chini tu: watoto ambao baba zao walikuja Bunia na mavazi ya jeshi, kisha wakarudi kwao.

Tukumbuke kwanza namna walivyokuja. Mwezi wa Mei 2003, askari wa Uganda walipoondoka, vita ya makundi iliingia mjini. Maelfu ya watu walikimbilia kando ya kambi ya MONUC na uwanja wa ndege. Tarehe 30 Mei, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu jeshi la Umoja wa Ulaya, likiongozwa na Ufaransa, kuja kulinda mji. Kazi hiyo iliitwa Artemis. Ilianza Juni, ikaisha mwanzo wa Septemba. Nyuma yake ilikuja brigedi ya MONUC, na ndani yake askari wa Uruguay, Bangladesh, Pakistani na Nepali. Askari 9 wa Bangladesh waliuawa hapa Ituri tarehe 25 Februari 2005. Wema huo hatuusahau. Wengi wetu tuko hai kwa sababu yake.

Lakini kulikuwa na njaa pia, na kambi za wakimbizi zilikuwa karibu na kambi za askari. Mwaka 2004 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuja Bunia kupima madai 72. Ripoti yao ya Januari 2005 ilieleza kwamba wasichana wadogo walilala na askari ili wapate chakula au pesa kidogo. Na hii ilikuwa imekatazwa wazi tangu Oktoba 2003: kulala na mtoto chini ya miaka 18, au kumpa mtu pesa au chakula ili alale na wewe.

Askari walirudi kwao. Watoto walibaki. Wale wa kwanza sasa ni vijana wazima. Wamekua wakiitwa majina ya nchi ambazo hawajawahi kuziona, na mama zao wamechekwa kwenye kisima na kwenye soko. Mtoto hakuchagua baba. Tukimcheka, tunamwadhibu kwa kosa la mtu mwingine.

Wamama, tushike mambo haya matatu.

Kwanza, mtoto huyo ni Mkongomani. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 inasema anayezaliwa na baba au mama Mkongomani ni Mkongomani. Mama anatosha. Mtu asikudanganye kwamba bila baba hakuna makaratasi.

Pili, andikisha mtoto. Nenda kwenye komini yako, iwe Mbunya, Nyakasanza au Shari, mbele ya siku 90 kwisha tangu azaliwe. Kama siku zimepita, usikate tamaa: tribinali inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi ya cheti.

Tatu, chunga kila alama ya baba: jina, picha, nchi yake, kikosi chake, miezi aliyokaa hapa. Umoja wa Mataifa haulipi matunzo mahali pa baba, lakini unapokea malalamiko na unaweza kusaidia kupeleka dai la ubaba kwenye nchi yake. Tangu 2017 una pia mtetezi wa haki za waliotendewa hivyo. Dai lisilo na alama ni ngumu kufuatilia.

Tunaandika haya leo kwa sababu askari wa kigeni hawajaisha mjini. Tangu Februari 2025 wale wa Uganda wako tena Bunia. Wengine wanalinda, na tunawashukuru. Lakini binti zetu wana njaa ileile ya 2003. Mama, ukiona binti wa jirani anarudi na pesa ambayo hawezi kueleza, usipeleke habari sokoni. Mwite ndani, mpe chakula, umsikilize.