Kabla ya kulipa garanti ya nyumba mjini Goma

Jamaa moja ya kanisa letu, baba, mama na watoto watano, ilifika na vitanda vyao mbele ya nyumba waliyoilipia, ikakuta jamaa ingine imekwisha kuingia. Mtu mmoja alikuwa amepokea garanti mara mbili, naye hakuwa mwenye nyumba. Feza ile ilikuwa akiba ya miaka miwili.

Kwa hiyo tuelezane. Garanti si kodi. Ni feza ambayo mwenye nyumba anaitunza, na ambayo anapaswa kuirudisha mpangaji anapotoka, akiisha kukata deni na vitu vilivyoharibika. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Nyumba ikiwa ya dola 100 kwa mwezi, garanti isipite dola 300. Lakini wengi wanaombwa miezi sita, nao wanalipa kwa sababu hawajui. Tena komisioneri naye mara nyingi anaomba kodi ya mwezi mmoja. Hesabu yote hiyo mbele ya kuhama.

Usimwamini komisioneri peke yake. Uliza majirani na chefu wa avenyu: parseli hii ni ya nani? Omba kuona hati kwa macho yako.

Nyumba ya jamaa kubwa uitembelee mara mbili, na mara moja iwe nyuma ya mvua. Angalia kama bati linavuja. Uliza maji yanatoka siku gani, ama watoto watabeba bidoni toka ziwani. Uliza choo na kontere ya umeme vinatumiwa na jamaa ngapi. Hapa kwetu chini ni mawe ya volkano, na kuchimba choo kipya si kazi ya siku moja.

Mwishoni, mkataba uandikwe, na hali ya kila mlango na dirisha iandikwe pia. Lipa mbele ya mashahidi wawili, ushike risiti.

Na sisi wenye nyumba tunaoketi katika viti vya mbele kanisani: sheria hii ni yetu pia. Garanti ya mpangaji si mali yetu. Akitoka, tumurudishie.